Aerosmith's Greatest Hits: nyimbo kumi, na zile sekunde zilizokatwa

Nilikuwa nimeupiga wimbo huo pengine mara mia mbili kabla sijajua kwamba sijawahi kuusikia wote.

Ilikuwa mazoezini. Mimi ndiye mpiga besi, na wenzangu watatu walikuwa wameshalinganisha nyuzi na kufunga nyaya. Tukakubaliana tuanze na "Sweet Emotion" wa Aerosmith, bendi ya roki ya Marekani. Mpiga dramu akahesabu, halafu kimya. Mimi nilikuwa nasubiri waimbaji waingie, kwa sababu kwangu wimbo ulianzia hapo: kiitikio kwanza, sauti zimepandana, kisha gitaa linaporomoka juu yake. Wao walikuwa wananisubiri mimi. "Dada, unaanza wewe," mpiga dramu akasema. Nikamwambia mwanzoni hakuna besi. Akaniangalia, akachukua simu yake, akauweka wimbo kwenye spika. Na hapo, nimesimama na besi shingoni, nikasikia kwa mara ya kwanza mwanzo wa wimbo nilioupenda tangu nina miaka kumi na minne. Mwanzo wenyewe ni besi. Ala yangu mimi ndiyo iliyokuwa imekatwa.

Wimbo huo nilijifunza kutoka kwenye kaseti ya kaka yangu, na kaseti hiyo ilikuwa Aerosmith's Greatest Hits, mkusanyiko uliotolewa na kampuni ya rekodi ya Columbia mwishoni mwa 1980. Humo "Sweet Emotion" una dakika tatu na sekunde chache. Kwenye albamu ulikotoka, Toys in the Attic ya 1975, una dakika nne na nusu. Kaka hakujua, nami sikujua. Tulipewa kipande tukadhani ndio mkate mzima.

Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyelelewa na albamu hii, aliyeisikiliza kwenye kaseti, kisha sidii, kisha santuri, na ambaye bado anaiweka mara kwa mara. Naipenda sana. Pia kuna jambo moja ndani yake ambalo sijalisamehe, na msomaji anastahili kulijua kabla hajatoa pesa yake.

Tuanze na kilichomo. Ni nyimbo kumi, na zote kwa pamoja hazifiki dakika arobaini. Zimepangwa kwa kufuata miaka, kuanzia albamu ya kwanza ya 1973 hadi Night in the Ruts ya 1979. Kama unaijua Aerosmith kwa "I Don't Want to Miss a Thing" wa 1998, au kwa "Cryin'" na "Crazy" za miaka ya tisini, hapa hutakuta hata mmoja. Hizo ni za maisha ya pili ya bendi. Za kuanzia 1987 zitafute kwenye Big Ones ya 1994, na ule wa 1998 uko kwenye mikusanyiko ya baadaye kama O, Yeah! ya 2002. Nimeona watu wakinunua hii kwa ajili ya ule wimbo mmoja wa harusi, wakaisikiliza mara moja, wakaiweka kabatini. Inaniuma, kwa sababu walichoshika mkononi ni bora kuliko walichokuwa wanakitafuta.

Hii ni Aerosmith ya Boston, ile ya vijana watano waliokuwa wakiishi pamoja kwenye nyumba moja Commonwealth Avenue mwanzoni mwa miaka ya sabini: Steven Tyler mwimbaji, Joe Perry na Brad Whitford kwenye magitaa, Tom Hamilton kwenye besi, Joey Kramer kwenye dramu. Roki ngumu, lakini yenye kiuno. Ukiwaweka karibu na bendi nyingine nzito za wakati ule, hawa ndio wanaokufanya utikise mabega kabla hujatikisa kichwa, na siri iko kwa Kramer na Hamilton, ambao walikuwa wakisikiliza muziki wa watu weusi wa Marekani kwa bidii ileile waliyowasikilizia wanamuziki wa Uingereza.

Wimbo wa kwanza ni "Dream On", na sidhani kama kuna namna nyingine ya kuanza. Tyler aliutunga kwenye piano. Baba yake alikuwa mpiga piano aliyesomea Juilliard, chuo cha muziki cha New York, na Tyler amesimulia jinsi alivyokuwa akilala chini ya piano utotoni baba akifanya mazoezi juu yake. Ukilijua hilo, ule mwendo wa mwanzo, gitaa na kinanda zikishuka pole pole kama mtu anayeteremka ngazi gizani, unausikia kwa sikio jingine. Jambo jingine: kwenye albamu ile ya kwanza Tyler hakujiamini, akawa anaimba kwa sauti nzito ya kujitengenezea. "Dream On" ndipo anaposikika yeye mwenyewe. Na hapo mwishoni anapopanda, anaimba juu na anazidi kupanda hadi sauti inakuwa ukelele, bado nywele zinanisimama. Wimbo huu ulipotoka 1973 uliishia nafasi ya 59 kwenye chati ya Marekani. Wakautoa tena, na mwaka 1976 ukafika nafasi ya 6.

"Same Old Song and Dance" wa 1974 unafuata, na hapa mkasi unaanza kazi. Hili ni toleo la singo, yaani wimbo uliouzwa peke yake na kupelekwa redioni, fupi kuliko la albamu ya Get Your Wings, na mstari mmoja wa ubeti uliotaja dawa za kulevya umebadilishwa ili redio zisikatae kuupiga. Saksafoni ya Michael Brecker ipo, tarumbeta ya Randy Brecker ipo, na gitaa la Perry linakwaruza vizuri. Ni wimbo mzuri. Sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa kwamba ukishalisikia toleo refu hili linaonekana kama mtu aliyevaa suruali ya mdogo wake.

Halafu "Sweet Emotion".

Niruhusu nikae hapa kidogo. Hamilton alikuwa na mstari huu wa besi kwa muda mrefu, akiuchezea peke yake. Kikao cha kurekodi Toys in the Attic kilipokaribia kwisha, mtayarishaji Jack Douglas akauliza kama kuna mwenye wazo lililobaki, na Hamilton akautoa. Kwa hiyo jina lake liko pamoja na la Tyler kama watunzi. Ukiusikiliza kwenye albamu, unaanza karibu na kimya. Noti moja ya chini inashikilia kama nanga, na juu yake vidole vinapanda, vinageuka, vinarudi. Hakuna haraka. Fundi wa sauti Jay Messina anaufuata mstari uleule kwa marimba ya besi, chombo ambacho msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina lake, na ndiyo maana besi ile ina mlio wa mti ndani yake, kama kitu kinachogongwa na kuvutwa kwa wakati mmoja. Nilihangaika wiki mbili kuutafuta mlio huo kwenye amplifaya yangu, nikizungusha vitufe vyote, kabla sijasoma kwamba haukuwa wa besi peke yake.

Kisha Joe Perry anaingia na ule mpira mwembamba unaopeleka sauti ya gitaa mdomoni mwa mpigaji, ili mdomo uifinyange na gitaa lionekane kama linataka kusema. Tyler anapiga vibraslap, kile kifaa chenye mlio kama wa meno ya taya la punda yakigongana, ambacho inasemekana kilivunjika wakirekodi, na kwa kuwa manyanga hayakupatikana studioni akatikisa pakiti ya sukari mbele ya kipaza sauti. Yote hayo yanatokea kabla neno hata moja la ubeti halijaimbwa. Ni chumba kinachojaa watu mmoja mmoja. Sauti za kiitikio zinapofika, zinafika mahali palipoandaliwa.

Kwenye Greatest Hits chumba hicho hakipo. Wimbo unaanza na kiitikio, moja kwa moja, kama mlango uliofunguliwa kwa teke. Mwisho nao umepunguzwa, ule mbio wa magitaa unaofunga wimbo. Najua kwa nini ilifanyika hivyo. Singo ilitengenezwa kwa redio ya 1975, na redio haikuwa na subira ya kungoja besi ijisemee kwa karibu dakika nzima. Lakini santuri hii si redio. Ilikuwa na nafasi. Nyimbo kumi chini ya dakika arobaini, kwenye santuri ambayo ingebeba dakika zaidi bila sauti kuharibika. Zile dakika moja na ushee zilizokatwa zingetosha. Waliouandaa mkusanyiko walichukua zilezile kanda za singo na kuziweka kama zilivyo, na kwa miaka na miaka watoto waliojifunza besi kwa kaseti kama mimi walijifunza wimbo wa mpiga besi bila mlango wake wa kuingilia.

Nimelisema. Naendelea.

"Walk This Way" nao umepunguzwa kidogo, sekunde chache tu, na hapo sina ugomvi. Mlio wa gitaa ulizaliwa Hawaii mwishoni mwa 1974, wakijaribu vyombo kabla ya onyesho. Maneno yalisahauliwa kwenye teksi siku ya kurekodi New York, ikabidi Tyler ayaandike upya ukutani kwenye ngazi za studio ya Record Plant. Jina lilitokana na kichekesho kimoja kwenye filamu ya Mel Brooks waliyokwenda kuitazama. Ninachopenda zaidi ni namna Kramer anavyoufungua peke yake, mapigo mawili matatu tu, na tayari mguu wako umeshaingia kazini. Na namna Tyler anavyoyatema maneno kama mtu anayepiga ngoma kwa ulimi. Kundi la rapu la Run-D.M.C. walipouchukua 1986 hawakuongeza kitu ambacho hakikuwemo; walikionyesha tu kwa wale ambao hawakukisikia mara ya kwanza.

Upande wa kwanza wa santuri unamalizika na "Last Child", wimbo ambao ningempa mtu yeyote anayedhani roki ngumu ni kelele. Umetoka kwenye Rocks ya 1976, albamu ambayo sehemu kubwa ya muziki wake ilirekodiwa kwenye ghala la bendi yenyewe huko Waltham, karibu na Boston, gari la kurekodia limeegeshwa. Tyler na Whitford ndio waliutunga, na solo ni ya Whitford, si ya Perry. Watu humsahau Whitford. Alikuwa akisimama upande wa jukwaa ambao mwanga haufiki sana, akipiga kilicho sahihi, basi. Hapa sikiliza anavyouacha mkono wa kulia ulegee. Unaanza kwa upole, karibu wa huzuni, halafu unajikunja kiunoni na kuwa muziki wa kuchezeka kabisa. Besi ya Hamilton humu ni shule. Mwanafunzi akinijia anataka kujua mpiga besi wa roki anatakiwa kufanya nini, namwekea huu na kumwambia ahesabu ni mara ngapi Hamilton ananyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kunakoufanya ucheze.

Hapo inabidi uinuke ugeuze santuri, na hapo ndipo nilipoanza kuielewa albamu hii, nikiwa mtu mzima. Kwa kuwa nyimbo zimepangwa kwa miaka, upande wa kwanza ni bendi inayopanda: 1973, 1974, 1975, 1976, kila wimbo una nguvu kuliko uliotangulia. Upande wa pili unaanza kileleni. Halafu unashuka. Hakuna maandishi yanayokuambia hivyo, unasikia mwenyewe.

Kilele ni "Back in the Saddle", nao pia ni wa Rocks, na bahati nzuri uko mzima. Perry anapiga besi ya nyuzi sita badala ya gitaa la kawaida, ndiyo maana ule mlio mkuu uko chini sana, una tope, unatambaa. Dramu zinaanza kwa mbali zikisogea kama kwato. Tyler alifunga matari kwenye buti zake akawa anakanyaga studioni. Walitaka mlio wa kiboko cha kuchapia. Wakaleta kiboko chenyewe, kikawashinda kukipiga, wakaishia kuzungusha waya mrefu hewani na kuongeza mlio wa bastola ya kuchezea. Ukiwa na hedifoni nzuri unaisikia ile fiuu ikizunguka kabla ya mlipuko. Naupiga wimbo huu kwenye besi ya kawaida ya nyuzi nne na kila mara najua kuna kitu kinapungua, kwa sababu Hamilton naye yuko pale chini ya Perry, besi mbili zinagombea udongo uleule, na badala ya kuharibu zinatengeneza kitu kizito ambacho sijakisikia kwa bendi nyingine.

Baada ya hapo ni "Draw the Line" wa 1977. Albamu yake ilirekodiwa kwenye jengo la zamani la watawa karibu na Armonk, jimbo la New York, bendi ikiwa na pesa nyingi, dawa nyingi za kulevya na nyimbo chache. Wao wenyewe wamelisema hilo mara nyingi katika mahojiano, sizushi. Wimbo huu ni mzuri. Perry anateleza juu ya nyuzi kwa kile kibomba cha kidoleni, na karibu na mwisho Tyler anapiga ukelele ambao unausikia kooni mwako mwenyewe. Lakini sikiliza tofauti. Kwenye "Last Child" kila mtu anamsikiliza mwenzake. Hapa kila mtu anakimbia. Inasisimua, kama gari linalokwenda kasi na wewe uliyekaa nyuma umeanza kumtazama dereva.

"Kings and Queens", wa albamu hiyohiyo, ndio wimbo wa pili ambao mkasi umeuumiza. Ni utunzi mkubwa, wa vita vya kale na imani, Jack Douglas amepiga mandolini ndani yake, na kwenye albamu unakaribia dakika tano. Hapa umepoteza zaidi ya dakika moja. Wimbo wa namna hii unahitaji muda wa kutanda. Ukiufupisha unabaki na mapambo bila nyumba. Kwa miaka mingi nilikuwa nauruka. Nilipousikia mzima kwenye Draw the Line nikarudi nikaanza kuupenda, kisha nikawa nasikitika kila ninapofika hapa.

"Come Together" ni wimbo wa The Beatles wa 1969, uliorekodiwa upya kwa ajili ya filamu ya 1978 ambamo Aerosmith walionekana pia, na George Martin, mtayarishaji wa The Beatles wenyewe, akausimamia pamoja na Douglas. Wameupiga kwa heshima na kwa uzito. Ulifika nafasi ya 23. Uko sawa. Ila kwa bendi yenye nyimbo zake nyingi zilizoachwa nje, nafasi hii ni ya bei kubwa.

Na wa mwisho, "Remember (Walking in the Sand)", wimbo wa wasichana wa The Shangri-Las wa 1964. Humu ndimo albamu inapomalizikia, na hapa inabidi nieleze kilichokuwa kinatokea. Julai 1979, bendi ikiwa Cleveland kwa tamasha la uwanjani, wake wa wanamuziki wawili waligombana nyuma ya jukwaa, maziwa yakamwagwa, Tyler na Perry wakazozana, na siku hiyo ikaisha Joe Perry akiwa nje ya bendi. Night in the Ruts ilikamilishwa bila yeye. Mwaka mmoja baadaye, bendi haina albamu mpya ya kutoa, ndipo mkusanyiko huu ukatoka. Mwaka 1981 Whitford naye akaondoka.

Sasa usikilize wimbo huu wa mwisho ukiyajua hayo. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa, anakumbuka. Tyler anauimba kwa sauti iliyochoka kwelikweli, hajifanyi. Hawakuutunga wao, hawakuwa na mpya za kutosha, wakarudi kwenye wimbo wa utoto wao. Nilipokuwa na miaka kumi na minne niliona huu ni wimbo dhaifu wa kufungia. Leo naona hapakuwa na mwisho mwingine wa kweli. Ukitoka "Dream On" ukafika hapa kwa mkao mmoja, bila kuruka, umesikia vijana wakianza, wakifika juu, wakivunjika. Hilo halipo kwenye mikusanyiko yao mingine mipana, yenye nyimbo ishirini na thelathini, ambayo inakwenda hadi kwenye kurudi kwao na kufaulu tena. Hii inaishia wasipojua kama watarudi. Walipoitoa, hata wao hawakujua. Perry na Whitford walirudi 1984.

Albamu haikupanda juu kwenye chati ilipotoka. Ikaendelea kuuzwa polepole, mwaka baada ya mwaka, hadi ikapita nakala milioni 10 Marekani na kuwa albamu yao iliyouzwa kuliko zote huko. Naamini sababu ni ufupi wake. Mtu anaiweka inapoanza safari, inaisha kabla hajachoka, anairudia.

Kilichoachwa nje kinauma. "Mama Kin" haumo. "Train Kept A-Rollin'" haumo. "Seasons of Wither", ambao kwangu ni wimbo wao mzuri kuliko wote wa polepole baada ya "Dream On", haumo. "Nobody's Fault" haumo. Mwaka 1988 ulitoka mkusanyiko mwingine, Gems, ambao ulichukua nyingi za nyimbo nzito zilizosahauliwa hapa, zikiwemo "Mama Kin", "Train Kept A-Rollin'" na "Nobody's Fault". Ukizipata zote mbili unakuwa na picha iliyokaribia kukamilika ya miaka ile. "Seasons of Wither" utaufuata kwenye Get Your Wings yenyewe, na ufuate.

Kuhusu umbo la kununua: santuri ndiyo inayoifaa zaidi, kwa sababu ya ule mgeuzo wa upande niliousema. Nakala yangu ya santuri ni ya mkono wa pili na muuzaji aliniambia haina mkwaruzo; ina mmoja mrefu unaopita katikati ya "Walk This Way", tak, tak, tak, karibu sawa na mapigo ya Kramer lakini si sawa, na mpiga besi hawezi kuuvumilia. Kwa hiyo ukinunua iliyotumika, itoe kwenye bahasha, iinamishe kwenye mwanga, itazame pande zote mbili kabla hujalipa. Sidii ni safi, sauti yake ya chini imebana vizuri, na hapo ndipo ninapojifunzia. Kwenye simu, angalia urefu wa nyimbo kabla hujabonyeza: "Sweet Emotion" ikiandikwa dakika tatu na kitu ni hii, ikiandikwa nne na nusu ni ile ya albamu.

Kama ni mara yako ya kwanza, fanya hivi. Weka Greatest Hits. Sikiliza "Dream On", sikiliza "Same Old Song and Dance". Ukifika wa tatu, simamisha. Chukua Toys in the Attic, tafuta "Sweet Emotion" wake, ongeza sauti, na ukae karibu na spika ile inayotoa besi vizuri zaidi. Ule mwanzo usiuruke. Ukiisha, rudi kwenye Greatest Hits, wimbo wa nne, na uendelee hadi mwisho bila kusimama, isipokuwa kugeuza santuri.

Kwenye mazoezi yetu sasa mpiga dramu hahesabu wimbo ule. Anaweka fimbo magotini, ananiangalia, na kila mtu ananyamaza hadi mimi nianze.